Kurudi Kazini Baada ya Kuwekewa Nyonga Bandia

Ikiwa umewekewa nyonga bandia, usiharakishe kurudi sokoni. Kazi ya kuketi huweza kuanza baada ya wiki 6 hivi. Ya kuinama na kubeba mizigo husubiri miezi 3 au zaidi. Kwanza daktari akuruhusu.

Kibandani, acha kigoda. Tumia kiti kirefu chenye egemeo, magoti yakae chini ya nyonga. Chooni pia usichuchumae, kwani nyonga yaweza kuteguka. Weka kiti cha choo. Gunia mwachie kijana. Kila nusu saa, inuka utembee kidogo.

Mguu ukivimba na kuuma, au kidonda kikitoa usaha, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Ukikosa pumzi ghafla, kimbizwa mara moja. Wateja watakungoja, mama.