Kabla Hujasema ni Kansa ya Damu

Juma hili naanza na barua. Msikilizaji wetu mmoja wa Ikombe, wilayani Kyela, anasema alisikia habari ya farasi wa mashindano aliyekufa kwa kansa ya damu huko ng'ambo. Sasa anauliza: mganga wa mifugo hujuaje kwamba mnyama ana kansa ya damu, na mnyama mwenyewe hasemi panapomuuma? Na je, ng'ombe wetu nao huipata?

Barua hiyo imenigusa. Ikombe naijua, na kosa ambalo sijalisahau katika kazi yangu nililifanyia huko.

Nianze na farasi. Kansa ya damu hutokana na chembe nyeupe, wale askari wa mwili, zinapoacha kutii amri na kuzaana ovyo. Kwa farasi, mara nyingi chembe hizo hujikusanya kwenye tezi, tumboni au kifuani. Farasi hukonda ingawa anakula, hupata homa isiyokwisha, huvimba chini ya kifua na tumbo, na pengine tezi zake huvimba pia. Dalili zote hizo zaweza kuletwa na maradhi mengine. Kwa hiyo mganga hupima damu. Hapo wengi hushangaa, kwa maana damu peke yake haitoi jibu kila mara. Huweza kuonyesha kwamba farasi amepungukiwa damu, lakini ni farasi wachache tu wenye kansa ya tezi ambao chembe mbaya huonekana zikielea katika damu yenyewe. Jibu la kuaminika hupatikana pale panapovimba: huchomwa sindano ikavuta majimaji ya tezi, au hukatwa kipande kidogo cha nyama, au huchukuliwa uboho wa mfupa wa kidari, kisha vitu hivyo hutazamwa kwa hadubini.

Sasa turudi kwa ng'ombe. Naam, ng'ombe nao huipata kansa ya damu. Kwao iko inayoletwa na kirusi, kilichogunduliwa mwaka 1969. Lakini ng'ombe wengi wenye kirusi hicho huishi bila kuugua. Wanaoota uvimbe hawafiki 5 katika kila 100, na kwa kawaida ni ng'ombe wakubwa waliokwisha kuzaa. Shikeni neno hilo la umri, kwa sababu mimi sikulishika.

Ilikuwa katika miaka ya 1990, nami ni bwana mifugo kijana. Nilipanda mtumbwi Matema, tukafuata ufuko chini ya milima ya Livingstone hadi Ikombe, kwa Wakisi, wafinyanzi wa vyungu. Bibi mmoja aliniita nimtazame mtamba wake wa mwaka mmoja na nusu. Alikuwa amemnunua kwa fedha za vyungu alivyouza mnadani miaka miwili. Mtamba alikuwa na homa kali. Tezi iliyo chini ya sikio ilikuwa kubwa kama yai, na ya mbele ya bega vilevile. Nilikuwa nimetoka kusoma habari za kansa ya tezi, kichwa kimejaa. Nikamwambia, "Bibi, hii ni kansa ya damu. Haina dawa."

Akaniuliza, "Umeionaje, mwanangu?" Nikamjibu kwamba tezi zinajieleza zenyewe.

Siku ya nne mtamba alikufa, povu likimtoka puani. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa ameniagiza nisirudi mikono mitupu, basi nikachoma tezi ya yule mtamba aliyekufa punde, nikapaka majimaji kwenye kioo, nikakausha, nikakipeleka maabara. Jibu lilirudi kwa maneno mawili: ndigana kali.

Wasikilizaji, ndigana kali huletwa na kimelea kinachopandikizwa na kupe wa kahawia apendaye kukaa masikioni. Tena mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipopotea. Kimelea hicho huingia ndani ya chembe nyeupe ya ng'ombe na kuitawala. Huilazimisha ijigawe, nacho hujigawa pamoja nayo, kila chembe mpya ikizaliwa na mpangaji wake ndani. Chembe hizo huzaana kama za kansa, hata tezi hufura. Wataalamu wamezitazama maabara kwa miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo. Tofauti yake na kansa ni moja, na ni kubwa: ukimuua kimelea, chembe huacha wazimu wake. Iko sindano ya kumuua, iitwayo buparvakwoni, nayo hufanya kazi vizuri ikiwahi. Ikichelewa hata mapafu yakajaa maji, haifui dafu.

Dawa ya ndigana ilikuwako Kyela mjini siku ile nilipomwambia bibi kwamba ugonjwa hauna dawa.

Sijitetei, lakini hata wakubwa wamepotea hapa. Daktari Robert Koch wa Ujerumani, aliyegundua kimelea cha kifua kikuu, alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897. Aliona vijidudu vidogo katika damu ya ng'ombe, akavihesabu kuwa vya homa nyingine ya kupe, ile ya Texas. Ilipofika mwaka 1903, alipoitwa Rhodesia ambako ng'ombe walikuwa wakiteketea, ndipo alipotambua kwamba ni ugonjwa wa peke yake. Akaupa jina la homa ya Pwani ya Afrika. Pwani yenyewe ni hii yetu.

Basi mfugaji afanyeje? Ukiona ndama au mtamba ana homa na tezi ya chini ya sikio imevimba, muite afisa mifugo siku hiyo hiyo, usingoje akonde. Mwombe achome tezi kwa sindano, apake majimaji kwenye kioo, na achukue tone la damu ya sikio kwenye kioo cha pili. Vioo hukaushwa, hutiwa spiriti na kupakwa rangi ya Giemsa. Chini ya hadubini kimelea huonekana ndani ya chembe nyeupe kama wingu la buluu lenye nukta za zambarau. Maabara ikihesabu chembe nyeupe katika damu, nayo husaidia: katika ndigana iliyokolea hupungua sana, na katika kansa iliyoingia damuni kwa kawaida huongezeka. Kanda yenu inahudumiwa na kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kilichoko Iringa. Iringa ni mbali na Ikombe, lakini kioo kikavu husafiri bila kuoza.

Akifa, usimfukie kabla tezi haijachomwa. Mzoga nao una ushahidi wa kuwaokoa waliobaki zizini. Na kinga hushinda yote: ogesha ng'ombe, kagua masikio, toa kupe mapema, kwa maana huhitaji kunyonya siku kadhaa kabla kimelea hakijawa tayari kuhamia kwa ng'ombe.

Nilirudi Ikombe kumweleza bibi ukweli. Alikuwa akifinyanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Chungu hatusemi kimepasuka mpaka tumekigonga tukasikia." Akaendelea na kazi yake.

Hadi juma lijalo, kwaherini.