Uzee, Dawa na Bima Mombasa (2): Nyumba ya Mawe, Mfuko Mtupu

Juma lililopita tuliufuata mfuko wa bima ya afya, NHIF, tangu 1966 hadi ulipovunjwa. Leo tuingie Mji wa Kale tuone mrithi wake, SHA, aliyeanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, anavyompima mzee wa Kibokoni.

Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara huulizwa maswali: ukuta ni wa nini, paa je, choo cha namna gani? Majibu yake ndiyo yanayokadiria uwezo wake, na mchango haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Hapo ndipo mambo yanapokwenda upogo. Nyumba za Mji wa Kale ni za mawe na chokaa, za ghorofa, nyingine zina milango ya nakshi. Kwenye fomu, anayekaa humo ni tajiri. Lakini nyingi ni za warithi chungu nzima, au za wakfu, na bibi aliye chumba cha juu hana pato ila anacholetewa na wanawe. Ukuta wa matumbawe haumeguliwi ukanunuliwa dawa ya presha.

Haya, na tuseme amepangiwa kile cha chini kabisa. Aliyetimiza miaka 70 na kusajiliwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Mia tatu ni asilimia 15 ya hizo, zaidi ya mara tano ya kiwango anachokatwa karani wa bandarini. Tena sheria ilitaka atoe ya mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 3,600. Kifungu cha 57 cha Katiba kinachowataja wazee sidhani kilikusudia hesabu hii.

Zahanati ni bure, na hilo ni jema: mwenye sukari angefaa amalizie huko. Ila dawa zikiisha rafuni, bima haimfuati mpaka duka la dawa. Akizidiwa, hospitali ya rufaa ni Makadara, si mbali. Kazi ni kufika barabarani. Gari la wagonjwa haliingii vichochoroni, kwa hiyo vijana humkalisha kitini wakamteremsha ngazi zile za wima, mmoja mbele, mmoja nyuma, hadi Ndia Kuu. Huduma hiyo haimo katika bima yoyote. Muuguzi wa kaunti anayepanda ngazi hizo kila mwezi na kipimo cha presha angegharimu kidogo kuliko kitanda cha wodini.

Juma lijalo: wanaouza viwanja kwenda kutibiwa India.