Kufuli Mbovu Yageuka Bangili

Kabla hujaitupa kufuli iliyoharibika, ikwangue kidogo kwa tupa. Ukiona umanjano ndani yake, umeshika shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Mafundi wa Kibera, mjini Nairobi, huinunua kwa kilo na kuifanya bangili, hereni na mikufu. Koki za mabomba, funguo, vitasa vya milango, vyote huingia chungu kimoja.

Tanuri lao ni shimo la makaa lipulizwalo hewa. Chungu hukaa katikati, na joto likipita digrii 900 shaba huyeyuka, ikamiminwa katika kalibu ya mchanga wenye unyevu kidogo. Hayo ni ya muda mfupi. Kazi ndefu huja baadaye: kukata, kufua juu ya fuawe, kupinda, kupiga tupa, kisha msasa wa kukwaruza na msasa laini, hata kipande kilichotoka mchangani cheusi, chenye makovu, kiweze kumwonyesha mtu uso wake. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kazi za mikono, nami nikajiona fundi. Pete yangu ya kwanza ilinichana kidole, kwa kuwa niliharakia kung'arisha nje nikazisahau kingo za ndani.

Kuyeyusha shaba hiyo si kazi ya jikoni. Ikipata moto kupita kiasi hutoa moshi mweupe wa zinki, na aliyeuvuta hushikwa usiku na homa na kutetemeka mithili ya mgonjwa wa malaria.

Anayeanza nyumbani na ashike waya wa shaba nyekundu, usiohitaji tanuri. Tafuta waya mnene wa milimita 3 hivi, uvue ganda lake la plastiki kwa kisu, wala usilichome. Kata sentimita 18, uzungushe juu ya chupa, kisha ziponde ncha mbili ziwe bapa na uzipige tupa mpaka zisikwaruze shavu. Shaba hukazana kila ipindwapo. Ikikataa, itie motoni iwe nyekundu, itumbukize majini, nayo italainika tena.

Lakini waya huo umetoka wapi? Mwezi wa Januari mwaka 2022 serikali ya Kenya ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, baada ya watu kuhujumu minara ya umeme na nyaya. Katazo liliondolewa baadaye mwaka huohuo, ila kwa miezi hiyo hata fundi aliyenunua kufuli mbovu kwa haki alikaa bila mali ya kufanyia kazi. Mwizi wa nyaya alimfungia tanuri. Basi anayekuletea waya mpya kwa bei ya kutupa, mwambie aende nao.

Kwa jamaa za kambini nina neno la ziada. Ganda la risasi ni shaba nzuri sana, sehemu 70 shaba nyekundu na 30 zinki, na watoto huyaokota karibu na uwanja wa shabaha. Ganda hilo ni mali ya jeshi, si ya mtoto wala ya mama mwenye kutafuta hereni. Tena haliaminiki: fataki iliyo kitakoni mwake ikiwa haijalipuka, italipuka ndani ya moto. Baba anayejua hayo kazini na ayaseme nyumbani pia.

Na kwa kuwa neno letu hilo lina maana mbili, nitaje risasi ile nyingine, madini. Shaba ya koki za maji mara nyingi hutiwa risasi kidogo ili ikatike vizuri mashineni. Bangili yake asipewe mtoto mchanga, kwa maana kila akishikacho hukitia kinywani.

Mke wangu alivaa bangili ya shaba siku mbili, mkono ukawa kijani. Alidhani ni sumu, nami nikalaumiwa kwa kununua vitu vya bei rahisi. Ni jasho tu lililokutana na shaba, na rangi ile hutoka kwa sabuni. Bangili yenyewe isugue kwa limau na chumvi, isuuze, ikaushe vema, kisha upake nta ya nyuki upande wa ndani. Nta ikiisha, paka tena.