Mchoro Kwanza, Insha Baadaye

Mzazi mwenzangu, bila shaka umepata kumwona mwanao ameketi mezani jioni, kalamu mdomoni, daftari wazi mbele yake, na juu ya ukurasa pameandikwa kichwa cha insha tu: "Ajali za Barabarani". Nusu saa yapita. Si kwamba hana la kusema. Mwulize kwa mdomo, atakueleza habari za pikipiki, za madereva walevi na za shimo lililo karibu na soko. Yote anayo, lakini yamelundikana kama mizigo iliyoshushwa ovyo kutoka lori, naye hajui aanze kuinua upi.

Baba aliye askari aijua dawa yake. Kabla ya doria kutoka, kiongozi hutwaa kijiti akachora ardhini: huku mto, kule kilima, hapa njia. Hakuna aondokaye kabla ya kuiona picha nzima. Insha nayo yataka hivyo hivyo.

Mwingereza Tony Buzan aliueneza mtindo huu kwa vipindi vya televisheni vya BBC mwaka 1974: neno kuu huwekwa katikati ya karatasi, na matawi yenye rangi hutoka kila upande. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichora ramani ambazo juu ya kila mstari huandikwa uhusiano wenyewe, kama vile "husababisha" au "huzuia". Kwangu mimi, mstari wenye neno wafaa kuliko rangi zote, maana "husababisha" tayari ni nusu ya sentensi.

Kwa insha ya ajali, nausifu zaidi mchoro wa mifupa ya samaki wa Mjapani Kaoru Ishikawa, uliotumiwa kwanza kutafutia vyanzo vya kasoro viwandani. Kichwani mwa samaki mtoto aandike "ajali". Kwenye mifupa mikubwa aandike dereva, gari, barabara na mwenda kwa miguu. Kwenye midogo, ulevi, mwendo wa kasi, breki mbovu. Mara ataona kwamba mfupa wa dereva umejaa, na ule wa mwenda kwa miguu ni mtupu. Pengo hilo angaligundua akiwa ukurasa wa pili, muda umekwisha; sasa aliona angali na penseli mkononi. Ama atafute hoja, ama aufute mfupa.

Kisha, na hapa ndipo wengi wasahaupo, mifupa ipewe namba. Mchoro huonyesha yote kwa mara moja, bali msomaji husoma sentensi baada ya sentensi. Mtoto akisema, "Dereva awe wa mwisho, kwa kuwa ndiye sababu kubwa," amekwisha kupanga insha yake. Kila mfupa utakuwa aya.

Insha ya kulinganisha, tuseme maisha ya kambini na ya kijijini, hutaka duara mbili zinazopishana, kama zile za John Venn wa mwaka 1880: yanayofanana hukaa katikati. Hadithi yatosheka na ngazi tu.

Mchoro usizidi dakika kumi, nawe usimchoree. Neno asilolijua kwa Kiingereza aliandike kwa lugha ya nyumbani, alitafute kesho. Kazi yako, mama au baba, ni kuketi kando na kumwuliza, "Na hili, mwanangu, limetoka wapi?"