Uchafu wa Maji Usioonekana kwa Macho

Watu wengi hudhani ya kuwa maji yasiyo na rangi wala harufu ni maji safi. Leo twapenda kueleza kwa nini macho hayatoshi kuwa shahidi, na jinsi wenye elimu ya kemia wanavyoyahoji maji yenyewe.

Samaki huvuta oksijeni iliyoyeyuka majini, nayo ni haba: lita moja ya maji yenye joto la digrii 20 hushika miligramu 9 hivi tu. Uchafu wa vitu vilivyokuwa na uhai, kama maganda ya kahawa, majimaji ya mkonge au taka za vyoo, huliwa na vijidudu, navyo huvuta oksijeni ile ile. Gramu moja ya glukosi, iliyo namna ya sukari, huhitaji oksijeni gramu 1.07, yaani yaweza kumaliza oksijeni ya maji zaidi ya lita 100, isipoingia nyingine kutoka hewani. Basi samaki hufa pasipo kulishwa sumu.

Huko Uingereza, mwaka 1912, Tume ya Kifalme ilishauri maji ya taka yapimwe kwa oksijeni itumiwayo na vijidudu kwa muda wa siku 5. Kipimo hicho ni chema. Lakini siku ya tano ikifika, maji yenyewe yamekwisha pita zamani.

Kwa hiyo kiko kipimo cha haraka. Maji huchanganywa na dikromati ya potasiamu pamoja na asidi kali ya salfuriki, kisha huchemshwa saa 2 kwa joto la digrii 150 hivi. Dawa hiyo yenye rangi ya machungwa huunguza uchafu, na kadiri inavyotumika hugeuka kuwa ya kijani. Kwa kupima iliyosalia twajua iliyotumika, na hesabu huandikwa kwa miligramu za oksijeni katika kila lita.

Yapasa kukumbuka mambo mawili. Dawa hii huunguza hata vitu ambavyo vijidudu haviwezi kuvila, hivyo hesabu yake kwa kawaida huwa kubwa kuliko ile ya siku 5. Tena chumvi iliyomo majini huipotosha hesabu. Ili kuizuia hutiwa dawa ya zebaki, nayo ni sumu. Mabaki ya kipimo yasimwagwe mferejini kamwe, tusije tukaupima uchafu wa mto kwa kuuongeza.