KUSAHAU KWA WAZEE NA KIPIMO CHA DAMU

Wanachama wenzetu wa Mchukwi wameuliza: Je, ni kweli kwamba siku hizi damu ya mtu yaweza kuonyesha kama akili yake yaanza kupotea? Jibu ni ndiyo, lakini kwa kiasi.

Maradhi yenyewe yaitwa Alzaima, kwa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeyaeleza mwaka 1906. Protini za namna mbili, amiloidi na tau, hujilimbika ubongoni miaka mingi kabla mtu hajaanza kusahau. Kiasi kidogo huingia katika damu, na hicho ndicho kipimwacho. Mwezi wa Mei 2025 Marekani iliruhusu kipimo cha kwanza cha namna hiyo, kwa watu wa miaka 55 na zaidi ambao dalili zimekwisha kuonekana. Peke yake hakitoshi. Maradhi ya figo, kwa mfano, yaweza kuipandisha tau katika damu na kumpotosha tabibu.

Basi maswali yangali na kazi. Vipimo vingi vya Ulaya humtaka mtu achore au aandike, na mzee asiyepata kushika kalamu huonekana mgonjwa hali ni mzima. Lakini huko wilaya ya Hai, Kilimanjaro, madaktari walitengeneza kipimo kiitwacho IDEA, chenye mambo sita. Daraja ni kitu gani? Kiongozi wa hapa ni nani? Leo siku gani? Taja wanyama kwa muda wa dakika moja. Kumbuka maneno kumi uliyosomewa. Panga njiti za kiberiti kama ulivyoonyeshwa. Kalamu haimo. (Nami nasema hiki chatufaa kuliko vingi vya ng'ambo.)

Jambo hili latuhusu sisi wa karafuu. Mzee aliyeujua kila mkarafuu wake akija mara tatu kudai malipo ya pishi zile zile, watu hucheka, au humwita mwongo. Na akiwa ni bibi, wapo watakaonong'ona uchawi. Kisha hutokea mjanja akamshika mkono atie dole gumba katika karatasi ya kuuza shamba. Mzee wa hali hiyo asitie dole pasipo watoto wake kuwapo.

Mpelekeni hospitali mapema. Alzaima haina dawa ya kuiponya, lakini wengine husahau kwa sababu ya tezi la shingo, upungufu wa vitamini B12, au huzuni nzito, nao hutibika. Mwendapo, chukueni na vidonge vyote anavyomeza, maana baadhi ya vidonge navyo huleta usahaulifu.

Katibu