Je, Wajua? Hiyo /s si kosa la uchapaji

Alama /s mwishoni mwa ujumbe husema “hii ni kejeli”. /j ni utani, /srs, sitanii. Watu wazima wengi wenye usonji huzitumia wasikisie hisia.

Wengi wao hupenda ujumbe kuliko simu: hakuna uso wala sauti ya kusoma, na muda wa kufikiri upo. Lakini “Sawa.” yenye nukta ni kukubali au hasira? (Hilo hutusumbua sote.)

Tatizo hilo si jipya: mwaka 1982 Scott Fahlman, wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alipendekeza alama ya tabasamu :-) ili utani usidhaniwe kweli.

Ajabu zaidi: jaribio la Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, lililochapishwa 2020 lilionyesha kwamba wenye usonji waliposimuliana wao kwa wao, habari ilifika vizuri. Ilipotea zaidi walipochanganywa na wasio na usonji.